Kesho Haijaingia Kwenye Chombo

Ukimuuliza kama kesho mvua itanyesha, alikuwa anakutazama kwa huruma, kama vile umemuuliza jina la mtoto ambaye mimba yake haijatungwa, kisha anajibu: "Kesho haijaingia kwenye chombo."

Chombo chenyewe kilikuwa kipima mvua cha shaba kilichosimama uani kwake, Nshambya, pembeni mwa mji wa Bukoba, katikati ya nyumba na kibanja cha migomba. Alikuwa amekizungushia vijiti ili mbuzi wasikisogelee, na mgomba wowote uliothubutu kuinamisha jani upande ule aliukata bila kujali una mkungu au hauna. Alistaafu kazi ya hali ya hewa mimi nikiwa bado shule ya msingi, lakini kupima hakukustaafu. Kila siku, saa tatu kamili asubuhi, alitoka na bilauri yake ndefu yenye mistari, akamimina maji ya usiku ndani yake, akapiga magoti mpaka macho yawe sawa na maji, akasoma, akaandika kwenye daftari. Sisi majirani tulimwita Mpima, na sikumbuki kumsikia mtu akimwita kwa jina lingine, hata padri.

Msimu wa kahawa akina mama walikuwa wakisimama kwenye njia na kumwita kwa sauti.

"Mpima! Nianike kahawa leo, au niache?"

"Jana ilikuwa milimita kumi na mbili, mama."

"Jana nilikuwepo, nililoa! Nakuuliza leo."

"Leo utaniuliza kesho saa tatu."

Walicheka, wakamtukana kidogo, wakaenda kuanika kwa kubahatisha kama walivyokuwa wanafanya siku zote. Binti yake, ambaye tulikaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza, alikuwa na maneno yake: "Tata anaweza kukwambia mvua ya jana hata kama nguo zako bado zinachuruzika." Mpima alisikia, akatabasamu, hakubadilika. Alisema mtabiri ana kazi yake na ofisi yake na mitambo yake, na mpima ana yake. Mpima akianza kutabiri, ataanza kutamani, na akishatamani, jicho lake halitasoma mstari sawasawa.

Kanuni hiyo aliivunja mara moja tu katika miaka yote niliyomjua. Mimi nilikuwa na mkono katika kuvunjika kwake, na ilinichukua miaka miwili kupata ujasiri wa kumwambia.

Ngoja nieleze kwanza kanuni yake nyingine, kwa sababu bila hiyo hutamwelewa. Daftari lake lilikuwa na safu ya tarehe, safu ya kipimo na safu ya maelezo. Siku ambayo hakukuwa na mvua aliandika sifuri. Siku ambayo aliumwa, au alisafiri kwenda kuzika Kanazi, aliacha wazi. Tulipokuwa wadogo tulidhani ni kitu kimoja. Siku moja alikuwa kitandani na malaria, binti yake akachukua daftari na kujaza sifuri tatu kwa siku tatu, kwa kuwa jua lilikuwa kali na sote tulijua hakukunyesha. Mpima alipopata nafuu alifuta sifuri zote tatu kwa wembe, taratibu, karatasi isitoboke.

"Ulikwenda kwenye chombo ukatazama?" alimuuliza.

"Hapana, Tata. Lakini hakukunyesha."

"Sifuri maana yake ni hii: nilikwenda, nikatazama, nikakuta hakuna. Kama hukwenda, huna haki ya sifuri. Usiandike sifuri mahali ambapo hukupima. Acha wazi. Nafasi iliyo wazi si aibu."

Leo nafundisha jiografia katika sekondari moja ya Muleba, na maneno hayo nimeyatumia kwa wanafunzi wangu miaka yote, hata katika mambo yasiyohusu mvua. Mwanafunzi anayeandika jibu la kubuni namwita karibu, namweleza kwa upole habari ya nafasi iliyo wazi.

Na kuna siku nyingine, tukiwa darasa la tatu au la nne. Kiangazi kilikuwa kirefu, Mpima amenuna, daftari limejaa sifuri ukurasa mzima. Binti yake alimwonea huruma. Asubuhi kabla ya saa tatu alichota maji kwa kikombe cha bati, akayamimina kwenye kipima mvua, akaja kujificha nami nyuma ya ghala la kahawa tuone furaha ya baba yake. Mpima akatoka, akamimina, akapiga magoti, akasoma. Akatazama ardhi, ilikuwa vumbi. Akatazama majani ya migomba. Halafu akaandika, akaingia ndani, na siku ile hakumkaripia mtu. Tulikwenda kuchungulia daftari. Kwenye safu ya kipimo kulikuwa na sifuri. Kwenye safu ya maelezo aliandika kwa mwandiko wake wa kulala: *Maji ya mtoto. Si mvua.*

Alikuwa mtu wa kukushangaza. Miaka yote ile ya kazi ya anga, na radi alikuwa anaiogopa kama paka. Hapa kwetu ziwa hutuletea ngurumo za alfajiri, nazo zilipoanza alifunika kioo cha ukutani kwa khanga na kukaa kwenye kigoda katikati ya chumba, miguu juu, akisali rozari. Hakuwahi kumiliki mwavuli. "Nikikinga mvua nitaipimaje?" alisema, lakini nadhani alipenda tu kuloa. Kanisani alikaa benchi la dirishani, na wakati wa mahubiri uso wake ulikuwa nje, kwenye mawingu. Padri alimtania siku moja baada ya misa: "Mpima, Mungu yuko huku mbele." Akajibu: "Najua, waitu padri. Natazama tu anachofanya huko nyuma."

Kitu alichokipenda kuliko vyote hakukiona kwa macho hata siku moja: upepo wa juu kabisa. Katika ujana wake, kwenye kituo kimoja mbali na hapa, kazi yake ilikuwa kurusha puto na kulifuata kwa darubini mpaka lipotee, ili kujua pepo za juu zinavuma kwenda wapi. Puto lilipopotea alikuwa anabaki ameinua shingo. Alitaka kujua linakwenda kukutana na nini.

Mimi alinieleza jikoni. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo cha ualimu, nikiwa na swali la mtihani lililonishinda, na mkewe, ambaye wakati huo alikuwa hai, alikuwa amefunika sufuria ya ebitoke, ndizi zetu za kupika, kwa majani ya mgomba.

"Kimbunga ni sufuria," alisema Mpima. "Moto wake ni nini?"

"Bahari yenye joto."

"Vizuri sana. Mvuke unapanda. Unapanda mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye mfuniko."

"Mfuniko ni pale hewa yetu ya mawingu inapoishia na tabaka la pili linapoanza, lile mnaloliita stratosfia. Sasa sikiliza. Nguvu ya kimbunga haitokani na moto wa chini peke yake. Inatokana na tofauti kati ya moto wa chini na baridi ya juu. Mfuniko ukiwa baridi zaidi, sufuria inachemka kwa nguvu zaidi. Mfuniko ukipata joto kidogo, nguvu inapungua kidogo."

Kisha akanionyesha paa kwa kidole, kama vile jambo lenyewe lilikuwa limekaa juu ya mabati. Huko kwenye tabaka la pili, alisema, kuna mkanda wa upepo unaoizunguka dunia nzima juu ya Ikweta, kwa hiyo unapita hapa hapa juu ya Nshambya. Mkanda huo huvuma kutoka mashariki kwa mwaka mmoja na zaidi, halafu hugeuka na kuvuma kutoka magharibi kwa muda kama huo. Mageuzi huanzia juu sana na kushuka polepole, mwezi kwa mwezi. Na kila unapogeuka, mfuniko hupoa kidogo au hupata joto kidogo, na kichwa cha dhoruba iliyopanda mpaka huko husukumwa kidogo upande huu au ule.

"Sisi vimbunga havitufikii," alisema, "kwa sababu karibu na Ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuisokota hewa. Lakini upepo unaopita juu ya migomba yetu unagusa vimbunga vya watu wengine. Unaona maajabu hayo?"

Mkewe akafunua majani, mvuke ukatupiga usoni. "Chakula kimeiva," alisema. "Maajabu yapo kwenye sahani."

Nilifaulu mtihani ule. Lakini baadaye niligundua kwamba katika maelezo yake yote neno moja nililipita haraka, nalo ndilo alilolirudia kuliko mengine: kidogo.

Binti yake alisomea uuguzi, akapata kazi katika zahanati ya kijiji kimoja pwani ya kaskazini mwa Msumbiji. Alikuwa anapiga simu kila Jumapili mchana. Mpima alikuwa na simu ndogo ya vitufe, aliyoiweka kwa sauti ili na mimi nisikie nikiwepo. Binti alitusimulia habari za wagonjwa, za samaki, za lugha aliyokuwa anaivunjavunja. Nyumba yake ilikuwa karibu na maji, alisema, mpaka usiku anasikia mawimbi. Sauti yake ilikuwa sauti ya mtu ambaye hatimaye amepata mahali pake.

Msimu wa vimbunga ulipokaribia, wauguzi wenzake wawili waliomba kuhamia kituo cha bara kwa miezi ile. Nafasi ya tatu ilikuwepo. Jumapili ile aliuliza, nusu kwa utani: "Tata, wewe na pepo zako. Mwaka huu nihame au nibaki?"

Nilikuwa nimekaa pale. Nilingoja jibu la siku zote. Mpima akasema: "Jumapili ijayo nitakujibu."

Alinituma nimtafutie mchoro wa pepo za juu na maandishi yoyote kuhusu pepo hizo na vimbunga. Nilivipata mtandaoni kwa urahisi, nikaenda mjini Bukoba kwenye duka la mzee mmoja wa Kihindi anayechapa na kudurufu. Kurasa zilikuwa nne. Tatu zilitoka, umeme ukakatika. Mwenye duka akasema, "Kaa, mama, umeme utarudi sasa hivi," lakini nilikuwa na kipindi Muleba mchana. Nilitupia jicho ukurasa wa nne kwenye simu, nikaona maandishi madogo madogo, nikadhani ni orodha ya marejeo. Nilimpelekea Mpima kurasa tatu na sikumwambia kwamba kulikuwa na ya nne.

Jumapili iliyofuata alikuwa na miwani, na kurasa zimepangwa mezani karibu na kibakuli cha kahawa za kutafuna.

"Mwanangu," alisema kwenye simu, "juu unavuma kutoka magharibi. Mfuniko umepata joto. Mwaka huu sufuria haitachemka sana. Baki na wagonjwa wako."

"Mpima ametabiri!" binti yake alipiga kelele. "Mwalimu, umesikia? Andika tarehe!"

Tulicheka wote watatu. Hicho ndicho kicheko cha mwisho cha rafiki yangu ninachokumbuka vizuri.

Kimbunga kilikuja baada ya wiki kadhaa. Sitaeleza sana, sikuwepo. Simu ya Jumapili haikulia, wala iliyofuata. Wenzake waliokuwa bara walituambia walichokikuta: maji yalipanda mara moja, safu ile ya nyumba za karibu na bahari haikuwepo tena, na yeye pamoja na wengine wengi hawakupatikana. Hapo ndipo nilipoufungua ukurasa wa nne. Haukuwa marejeo. Ulisema kwamba uhusiano ule ni mdogo na haupaswi kutumika kuamua usalama wa mtu. Ulisema kwamba katika bahari nyingine upepo huohuo wa magharibi ulionekana kwa miaka kuandamana na dhoruba kali zaidi, kisha hata uhusiano huo ukafifia. Na ulisema kwamba kimbunga kimoja chaweza kuwa kikali katika mwaka wowote.

Mpima alichukua ndoo ya plastiki, akakifunika kipima mvua, akaweka jiwe juu. Saa tatu zikawa zinapita yeye akiwa ndani.

Ndugu zake walikuja. Kwetu mtu hurudi kuzikwa kwenye kibanja chao, na asiporudi wapo wazee wanaoshauri ukatwe mgomba, uvishwe sanda, uzikwe badala yake, ili walio hai wapate mahali pa kulia. Mdogo wake, anayekaa Kanazi, alimsihi mbele yangu.

"Kaka, tumlaze mtoto. Watu wanashindwa hata kukupa pole."

"Nani amekwenda akatazama?"

"Kaka, hata nguo yake haikuonekana."

"Nani amekwenda akatazama?" alirudia. "Siwezi kuandika sifuri mahali ambapo sijapima."

Wengine walidhani akili imeruka. Mimi nilimwelewa, na kwa sababu nilimwelewa nikaanza kutafuta. Kila mwisho wa mwezi nilipiga simu Msumbiji: zahanati, hospitali ya wilaya, parokia, kambi za waliohamishwa, wauguzi wenzake mmoja mmoja. Nilijifunza maneno ya Kireno ya kuuliza. Jioni ya siku hiyo nilikuwa na kitu cha kumwambia Mpima, na nilikuwa namwambia: hospitali hakuna, kambi ya kwanza hakuna, kambi ya pili hakuna. Alikuwa anatikisa kichwa. Habari ya ukurasa wa nne sikumwambia. Kila nilipofika niliuacha kwenye mkoba.

Mwaka huu likizo ilipoanza nilipata ujumbe kwamba amelala kitandani, na hata chakula hali vizuri. Nilitoka Muleba asubuhi ileile. Nilimkuta amekonda, mikono juu ya blanketi, macho yaleyale ya kusoma mstari. Nikajua nikichelewa tena sitapata nafasi.

Nikatoa ukurasa, nikamweleza yote: duka, umeme, kipindi, marejeo. Aliomba miwani. Alisoma taratibu, kidole kikitembea chini ya maneno, akarudi mwanzo, akasoma tena.

"Umechelewa," alisema.

"Ndiyo, Mzee."

"Hapa kuna 'pengine' nyingi sana." Aliukunja ukurasa mara mbili. "Mwanangu hakuuliza pengine. Na mimi nikwambie kitu ambacho hakuna mtu anakijua. Jibu nilikuwa nalo kabla hujaleta karatasi. Alikuwa na furaha kule. Nilitaka abaki na furaha yake. Upepo niliutafuta baadaye."

Nilianza kulia, nikasema kosa lilikuwa langu, langu lote.

"Usifanye hivyo," alisema, na sauti ilikuwa ile ya jikoni, ya kufundisha. "Kosa lako lina ukubwa wake. Usilipunguze, na usiliongeze ili lifunike langu. Liandike kama lilivyo." Halafu, baada ya kupumua: "Kaondoe ndoo."

Nilikwenda. Chini ya ndoo buibui alikuwa ametandaza utando mdomoni mwa chombo, ndani pakavu. Nilirudi na daftari, nikafungua ukurasa, miaka miwili ya safu nyeupe.

"Niandike sifuri?"

"Kilikuwa kimefunikwa. Acha wazi. Kesho utapima."

Nikadhani amemaliza. Alikuwa anatazama dari.

"Na kule," alisema. "Wewe umetazama?"

Nilitaka kusema pengine. Nilimtajia tena zote, moja moja, zahanati, hospitali, parokia, kambi tatu, watu kumi na mmoja kwa majina.

"Nimetazama, Mzee. Kila mahali nilipoweza kufika. Hayupo."

Alifumba macho muda mrefu kiasi kwamba niliinama kusikiliza pumzi yake.

"Mpigie mdogo wangu," alisema. "Mwambie aje akate mgomba."

Tulizika siku ya tatu, kwenye kibanja, hatua chache kutoka kwenye kipima mvua. Asubuhi ile anga lilikuwa jeupe, bila wingu. Watu walipoanza kuondoka Mpima aliomba asimamishwe. Tulimshika kwapani, mimi na mdogo wake, akatembea mpaka kwenye chombo. Mkononi alikuwa na kikombe cha bati. Aliinamisha kikombe, nusu ya maji ikamwagika kwenye vidole vyangu, nusu ikaingia.

Saa yangu ilikuwa saa tatu na dakika chache. Nilimimina kwenye bilauri, nikapiga magoti kwenye udongo mbichi, nikasoma, nikafungua daftari. Sikuhitaji kumuuliza niandike nini.

"Soma nisikie," alisema.

"Kipimo, sifuri," nilisoma. "Maelezo: Maji ya mtoto. Si mvua."

"Vizuri sana," alisema Mpima.